Vuta Droo Mpaka Mwisho

Fungeni kwanza hilo dirisha, halafu mkae mahali ninapowaona. Si hapo. Wewe kifungua mimba vuta kiti, na hayo makaratasi yako yenye picha za makabati usiniwekee juu ya tumbo, mimi si meza. Dada yako akae kwenye dumu. Nitasema mara moja, kwa pumzi niliyobakiwa nayo, na atakayenikatiza kwa "baba, pumzika" atoke nje, maana nitapumzika sana muda si mrefu na wala sitahitaji msaada wenu.

Hiyo nyundo mnaisikia? Hata dirisha likifungwa inapenya. Miaka thelathini na moja inanigonga kichwani kutoka ng'ambo ya barabara, baba yenu mdogo akinyoosha mabodi ya magari ya watu, na mimi miaka yote hiyo nimefanya kazi nikiwa nimempa mgongo.

Mmekuja kuniuliza tununue kabati gani la spana. Sijafa, na lile la zamani mmeshalitafutia mnunuzi wa vyuma chakavu, mkidhani sijui. Chumba hiki na gereji vimetenganishwa na bati tu, na masikio yangu hayajaugua. Sawa. Nitawajibu, kwa sababu wosia wangu wote umo ndani ya swali hilo, na ubaya wote wa nyumba hii ulianzia kwenye kabati lililochaguliwa na mpumbavu. Mpumbavu mwenyewe ni mimi. Usinitolee macho hapo kwenye dumu, mama, binti yangu, umesikia vizuri.

Hili jekundu ulilolizungushia wino, mwanangu, umelipendea nini? Rangi. Nilijua, mtu anayevaa viatu vyeupe gereji lazima apendee rangi. Lina droo kumi na mbili nyembamba, za fundi cherehani kuwekea vifungo, na vigurudumu vyake ukivipitisha kwenye ufa wa sakafu yetu, kabati zima litalala kifudifudi na soketi zako zitakimbilia mtaroni. Kwako nyumbani, wewe wa kubadilisha taa na kukaza bomba la jikoni, nunua sanduku la kubeba mkononi, lenye trei moja juu, litakutosha mpaka uzeeke. La gereji atalichagua dada yako, na funguo zake atashika yeye. Umenuna? Nuna. Mbele ya wateja utakaa wewe, maana mdomo unao, na hati ya kiwanja ina majina yenu wote wawili, nilishaandikisha, msije mkaanza kukunjana mashati kabla udongo wangu haujakauka.

Nawe sikiliza, mama. Ukifika dukani mwache muuzaji aseme mpaka achoke. Halafu vuta droo ya chini uikandamize kwa uzito wako wote. Kama reli zake hazina gololi, geuka uondoke. Vuta zote za juu kwa pamoja, na kabati likianza kukuinamia halikufai, lile letu liliniangukia mguuni na ndiyo sababu kidole hiki hakina ukucha. Magurudumu mawili yawe na breki, vizito vikae chini, vyepesi juu. Kisha fanya lile ambalo mimi sikulifanya: vuta droo mpaka mwisho, itoe kabisa, igeuze, uutazame ukuta wake wa nyuma.

Maneno hayo ya mwisho si yangu. Ni ya baba yenu mdogo. Tulikwenda wawili kununua kabati, yeye ana miaka ishirini na miwili, mimi nina ndevu za kutosha kujiona mkubwa wa dunia. Akaivuta droo, akaichungulia, akaniambia, "Kaka, huku nyuma ni kufupi. Kitu kitaruka kitumbukie ndani." Nikamwuliza mbele ya muuzaji, "Kati yako na mimi, fundi ni nani?" Akairudisha droo. Tukalibeba, yeye upande mzito.

Marehemu babu yenu alituachia spana sita, na tuliyoipenda wote ilikuwa namba kumi na tatu, yenye duara pande zote mbili, mpini umeng'arishwa na vidole vyake mwenyewe. Tulitandika mpira kwenye kila droo tukachora umbo la kila spana, ili wakati wa kufunga ukivuta ujue kipi hakijarudi. Siku moja, jioni, umbo la kumi na tatu likawa tupu. Nilitafuta siku tatu, chini ya magari, mtaroni, kwenye mifuko ya maovaroli. Siku ya nne, madereva wamejaa, nikalichukua begi la ndugu yangu nikalimwaga chini. Kikatoka kipande cha sabuni, bakuli la chakula, na ndala ya binti yake iliyokatika, alitaka kuishona. Spana hakuna. Mwenye akili angeomba radhi palepale. Mimi nikasema, "Basi ameshaiuza," na nikamwita Mkono Mrefu.

Watu walicheka. Yeye akaiokota ndala ya mtoto, akaipangusa vumbi, akaniuliza, "Kaka, umetafuta kila mahali?" Nikamwonyesha mlango. Akavuka barabara, akafungua gereji yake hapo, pua na mdomo, na tangu siku hiyo hatujapeana hata salamu. Mama yetu tulimzika mimi nikiwa upande huu wa kaburi na yeye upande ule. Jina likamganda. Wanawe wakaitwa watoto wa Mkono Mrefu, na wewe, kifungua mimba, ulirudi siku moja jino limelegea kwa kupigana na mmoja wao juu ya jina hilo, nami nikakusifu. Nilikununulia soda. Mteja akitokea kwake kuja kwangu, nilimwuliza kama amehesabu matairi yote manne.

Nipe maji. Kidogo tu.

Sasa tegeni masikio, sitarudia. Yapata miaka tisa iliyopita, Jumapili, nikiwa peke yangu, reli ya droo ya tatu ilikatika, ikabidi nizitoe droo zote. Ndani ya tumbo la kabati, kwenye vumbi, palikuwa na penseli, nati nne, bisibisi ndogo ambayo hata sikujua imepotea, na namba kumi na tatu. Ilikuwa imelala hapo miaka ishirini na miwili, mahali alipoonyesha yeye kwa kidole siku ile dukani.

Nilikaa juu ya tairi. Natamani niwaambie nililia, lakini sikulia. Nilikasirika. Nilimkasirikia yeye kwa kuwa msafi, maana nilikuwa nimemchukia kwa sababu, na sasa sababu imenitoka mikononi na chuki imebaki vilevile, sina pa kuiweka. Kutoka mlango wetu hadi wake ni hatua ishirini na nne. Nyundo yake ilikuwa inalia hata Jumapili. Nikasema, kesho. Na kesho yake nikasema kesho, na mteja alipokuja nikamwuliza tena habari za matairi. Nilijua, na bado nilimwuliza. Hilo ndilo linalonikaba, wala si hiki kifua anachokisingizia daktari.

Inuka, mama. Kwenye rafu ya juu, nyuma ya betri mbovu, kuna lile kopo la grisi nililokukataza kuligusa. Ingiza mkono mpaka chini. Umeipata? Haya, ndiyo hiyo, namba kumi na tatu. Na wewe kaka mtu, umekunja uso wa nini? Ulidhani baba yako malaika? Hiyo chuki uliyonayo kwa watu wa ng'ambo nilikuvalisha mimi, na leo uivue hapa hapa.

Vuka sasa, mama, umpelekee baba yako mdogo, usingoje nife. Usimwambie baba anaumwa, asije akakuhurumia akaichukua kwa huruma. Mwambie ilikuwa nyuma ya droo. Mwambie nimejua miaka tisa. Useme kwa sauti, mafundi wake na wateja wake wote wasikie, kama nilivyosema mimi madereva wakisikia. Nenda, na mlango uache wazi.

Wewe kifungua mimba baki. Nishike mgongo, niinue kidogo. Mkinizika, baba yako mdogo asipokuja, mtu asimseme. Akija, apewe mahali pa mbele na wewe usimame nyuma yake. Kabati la zamani lisiende kwa mtu wa vyuma mpaka watu wa barabara hii wameitwa wakaziona droo zake kwa nyuma. Na lile jina, likitoka tena mdomoni mwako au mdomoni mwa wanao, baraka yangu isikufuate hata hatua moja. Sitanii. Sema umesikia... Sema tena.

Nyundo imenyamaza. Amefika.

Mbona inachukua muda hivi? Barabara ni nyembamba. Chungulia... Anarudi? Peke yake?

Umerudi. Bado umeishika. Usilie, mama, sema alivyosema, usinipambie. "Mwambie namba kumi na tatu ninayo yangu." Basi? Hakuongeza neno? Aliishika lakini? Aliishika, akaigeuzageuza, akaufuta mpini kwa shati lake, akakurudishia. Haya. Mnanishangaa ninacheka? Huyo ni ndugu yangu, tumbo moja. Ningeletewa mimi, ningeirusha barabarani. Msimdai msamaha, ana haki ya kuninyima, na msiende kumbembeleza kwa niaba yangu.

Isiingie kwenye droo yoyote. Ipigilieni ukutani, juu ya mlango, upande wa barabara, na anayeuliza aambiwe yote, bila... bila kupunguza. Hilo ndilo agizo la mwisho.

Leteni mikono. Wako una grisi, mama, vizuri, usiuoshe. Wako baridi, mwanangu, unaogopa, nami naogopa. Mungu awape mikono isiyotetemeka, na midomo mizito kumtaja mtu kwa ubaya. Mkikosana, kosaneni asubuhi, na kabla ya kufunga kazi mmoja avuke. Yeyote. Asingoje... asingoje mkubwa.

Dirisha. Fungua dirisha. Bado kimya huko? Tangu aishike hajapiga hata moja?

Liacheni hivyo hivyo. Msiseme kitu. Nataka niisikie nyundo yake ikianza.