Mtoto Aliyeletwa Kuachishwa Ziwa

Kitu cha mwisho cha kawaida kutokea katika nyumba hii, wanangu, kilikuwa ugomvi wa firigisi. Marehemu mama yenu, Mwanaheri, alikuwa amepika kuku, na kwa desturi yetu firigisi ni ya baba mwenye nyumba, lakini yeye aliichota kwa upawa mbele ya macho yangu akaiweka kwenye sahani ya mjukuu wetu Anwar, mtoto wa miaka sita, mimi akanipa shingo. Nilipouliza sababu akasema, "Huyu ndiye mume wangu. Wewe mpangaji tu, tena msumbufu." Anwar akawa anatafuna huku ananitazama bila huruma. Baada ya chakula mama yenu alijinyoosha kidogo apumzike, na ilipoadhiniwa alasiri hakuamka.

Kesho ni zamu yangu ya kulala kitandani nikiwaachia wengine kazi ya kuniamsha. Daktari atakayenipasua moyo ni kijana mpole, ameniambia kwamba wengi hutoka salama. Nimepima ardhi maisha yangu yote, nami najua kwamba "wengi" ni neno lisilo na mpaka. Kwa hiyo sogeeni mkekani, Hija, Chausiku, Twaha na Shamimu, na wewe mkwe wangu Zubeda toka huko jikoni, zimeni simu, mnisikilize kabla pumzi haijanikatika.

Mali haina maneno mengi. Sheikh atawagawia kama dini inavyoelekeza, na atakayegombea kabati la mama yenu ajue mlango wake haufungi. Ule ua wa michongoma wa jirani yetu Mzee Polikarpo umeingia kwetu hatua nzima. Nimegombana naye miaka yote, mimi nikiwa na vipimo vya chuo kikuu, yeye akiwa na panga, na mshindi ni yeye. Mwachieni. Siku ya msiba ndiye aliyekuwa wa kwanza kuleta viti.

Jambo langu ni moja, nalo ni Anwar. Twaha, wewe na mkeo mlimleta hapa Kunduchi aachishwe ziwa. Zubeda alisema wiki mbili tu, maana mtoto akimwona mama yake haachi, na watu wetu ndivyo wafanyavyo, hakuna aliyekosea. Wiki mbili hizo zimeota meno, sasa meno yenyewe yameanza kung'oka, na mtoto bado yuko hapa anaachishwa ziwa. Kila mlipomfuata alijificha uvunguni, na bibi yake akasema mwacheni mpaka mvua ziishe. Nyie mkarudi zenu Mbweni, na mvua za bibi yake hazikuisha.

Juzi, Twaha, umenionyesha kwenye simu picha za shule ya bweni, iko huko bara, na ukanisifia bwawa lake la kuogelea. Mtoto wa pwani ya Kunduchi apandishwe basi kutwa nzima akafundishwe kuogelea. Nilijizuia, kwa sababu mgonjwa wa moyo ameshauriwa asicheke sana.

Sasa nisikilizeni, maana hapa mimi si mpimaji, ni baba wa watoto wanne waliofika utu uzima wakiwa na viungo vyao vyote. Usishindane na mtoto kwa chakula. Hija, ulipokuwa na miaka mitatu ulikataa tonge la ugali, nami nikaapa kwamba hunyanyuki mpaka ulimeze. Tulikaa pale jua likatuhama, wewe ukasinzia tonge likiwa shavuni, nami nikabaki nakulinda, mtu mzima mwenye shahada, mpaka mama yenu akapita, akalitoa kwa kidole, akampa kuku. Kuku akamaliza ule ugomvi mara moja.

Wala usimuulize mtoto jambo ambalo jibu lake unalo tayari. Mnaikumbuka chupa ya chai iliyovunjika? Chausiku mkono ulikuwa umelowa chai mpaka kwenye kiwiko, lakini mimi nikawapanga mstari nikauliza ni nani. Hija akamtaja Twaha, Twaha akamtaja Chausiku, Chausiku akamtaja Shamimu, kisha wote watatu wakaona hilo ndilo jawabu zuri, na Shamimu, ambaye alikuwa hajaanza kusema, akatiwa hatiani kwa kauli moja. Chausiku, usiinamishe uso, ni mambo ya zamani. Ningesema tu, "Umevunja chupa, leta ufagio," nisingewafundisha wote kusema uongo kwa mpigo.

Na wewe Zubeda, usimwambie mtoto, "Subiri baba yako aje." Mama yenu alianza hivyo na Hija. Nikawa nikifungua mlango jioni mtoto anapitia dirishani, kama vile nimekuja kupiga mnada nyumba yake. Mwenye kuona kosa ndiye amalizane nalo palepale, ili baba akirudi awe mtu wa kukimbiliwa, si wa kukimbiwa.

Subirini kidogo. Nipeni ule mto. Hapo, hapo panatosha.

Siku ile bibi yake alipofariki, Chausiku, kwa huruma, ulimwambia Anwar kwamba bibi amesafiri. Mtoto akanuna. Akaenda chumbani, akarudi na viatu vya bibi yake, akauliza amesafiri na nini miguuni, na kwa nini kamuaga kila mtu isipokuwa yeye. Nikamweka magotini nikamwambia bibi amekufa, mwili wake tutauzika, na hatarudi. Akauliza kama ni kwa sababu ya ile firigisi. Nikamwambia hapana. Hilo ndilo swali ambalo "amesafiri" isingelijibu, naye angekaa nalo peke yake. Basi akilia na kuuliza, msimpe safari. Mwambieni amekufa, kisha mkae naye mpaka anyamaze mwenyewe.

Mliokuwa ndani hamkuyaona yaliyofuata. Alitoka nje chini ya turubai akaja kukaa kwenye mkeka kando yangu, kakunja miguu kama mimi, kofia ya babu imemfunika masikio. Sheikh akanipa mkono wa pole, na alipotaka kupita, mtoto naye akanyoosha wake. "Na mie," akasema. "Alikuwa mke wangu." Wazee walitazama chini, mabega yakawa yanatikisika. Sheikh hakucheka, alimshika mkono kwa mikono miwili akamwombea subira. Tangu hapo watu wote waliokuja walitoa pole mbili, na mfiwa mwenzangu akapokea mpaka akaomba maji.

Mtoto huyo ndiye mnayetaka kumpeleka bweni. Amempoteza mke, kesho huenda akampoteza na mpangaji, mnataka apoteze na waliobaki.

Lakini sikuamini kwamba ni kazi zenu tu zinazowafanya mtake bweni, Twaha, ndiyo maana juzi nilikubana, na ukasema lililokuwa moyoni. Nalirudia mbele ya ndugu zako, si kwa kukuaibisha. Ulisema, "Baba, mwanangu ananiita braza. Kasikia Shamimu ananiita hivyo, naye kashika hapohapo. Mie namwogopa. Nianzie wapi?"

Msimchekee. Hakuna kati yenu aliyewahi kuniuliza swali la maana kuliko hilo.

Kwa hiyo huu ndio wosia wangu, na nikifa ushikeni, na nikipona ushikeni vilevile. Anwar haendi bweni. Anakwenda Mbweni, kwa baba yake na mama yake, na mkeka wake, na ile shuka yake mbovu, wala msiifue ikaisha harufu. Msimlazimishe kuacha kusema braza. Neno lina siku zake, litadondoka kama meno. Zubeda, akikukataa usimpe zawadi, mpe kazi, akuchambulie mchele. Hija, wewe ni mkubwa, Ijumaa umpitie ukitokea Temeke umlete aone kaburi, ajue lilipo. Nyote nimewasamehe, nanyi mnisamehe. Mungu awape watoto wenye kuwachosha, na nguvu za... nguvu za kuchoka nao. Radhi zangu mnazo.

Hapana, usinipe maji, wamekataza. Sina mengi tena. Twaha, uliyeuliza uanzie wapi, sogea, sauti haifiki.

Asubuhi iliyofuata maziko, watu walikuwa wamesharudi kujilaza baada ya swala. Anwar alikuja kitandani kwangu, akasema hapapendi mahali pa bibi pakiwa wazi. Nikambeba. Kifua kiliuma, lakini nikambeba mpaka nje, chini ya turubai, wanaume mmelala mikekani, nikakutafuta mpaka nikakuona. Nikamlaza ubavuni mwako. Hukuamka, Twaha. Usingizini tu, mkono wako ukamzunguka, ukamvuta, ukamfunika na shuka yako, wewe ukabaki na baridi.

Nikasimama pale nikawatazama. Kisha nikaenda kuwasha jiko la chai.