Risala ya Waendesha Kreni Juu ya Kofia ya Kupimia Macho

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkaguzi Mkuu wa Usalama Kazini, Meneja wa Yadi, wahandisi, ndugu wafanyakazi wenzetu:

Sisi, waendesha kreni ishirini na sita na wapiga ishara kumi na wanne wa yadi hii ya makontena, tunakukaribisha kwa heshima. Tunajua kwamba Jumatatu utatia sahihi waraka utakaoifanya kofia ya macho kuwa kipimo pekee cha kuamua nani apande kreni na nani asipande. Kwa hiyo umetukuta na wasiwasi, na hatutauficha. Tunakuomba radhi mapema: msomaji wetu atafuata mistari kwa kidole, na huenda akasoma polepole. Si kwamba hakujiandaa.

KAZI YETU

Mwendesha kreni hukaa mita kumi na nane juu, ndani ya kibanda cha vioo, na chini yake wanapita watu. Katika kila kibanda, juu ya vitufe, kuna maandishi mekundu: UNA SHAKA? USIGUSE. Mwanafunzi wa kreni hafundishwi jambo jingine wiki nzima ya kwanza. Akibonyeza kabla hajawa na hakika, anashushwa. Kwa utaratibu huo tulimaliza miaka sita bila mtu hata mmoja kuumia chini ya kontena. Hayo ndiyo mafanikio yetu, na hatuna makubwa zaidi ya hayo.

KOFIA ILIPOFIKA

Miezi miwili iliyopita tuliletewa kofia, na yadi ikaanza kuifuata rasimu ya waraka huo kabla haijatiwa sahihi. Inafanana na miwani ya kuogelea iliyovimba, na inafungwa kichwani kwa mkanda. Ndani ni giza, na katikati kuna nukta moja. Unaikazia nukta macho, vimwanga vinajitokeza pembeni, vingine vikali na vingine hafifu, na kila ukiona kimoja unabonyeza kitufe ulichoshika. Ni dakika nne kwa kila jicho. Nia ni njema: yako magonjwa yanayokula uwezo wa kuona kuanzia pembeni, na mwenyewe asijue.

Wa kwanza kupimwa alikuwa mwenzetu tunayemwita Bi Taratibu, mwenye miaka kumi na tisa kwenye kreni. Alipimiwa stoo, mlango ukifunguliwa na kufungwa kila mara. Kimwanga cha kwanza kilikuwa kikali, akabonyeza. Cha pili kilikuwa kama vumbi. Kidole kikagoma.

"Mama, ukiona, bonyeza," mpimaji alimwambia.

"Nimeona, au nimedhani nimeona?"

"Hata ukidhani, bonyeza."

"Baba, mimi nikibonyeza kwa kudhani, mtu anakufa."

"Hapa hafi mtu, mama. Tazama nukta."

Lakini nukta nayo ilimshinda. Kila kimwanga kilipotokea, jicho lake lilikikimbilia kuhakikisha, kama linavyokimbilia ndoano ya kreni tangu asubuhi hadi jioni. Jibu likatoka: HAKUFAULU. Siku hiyohiyo alinyang'anywa ufunguo wa kibanda.

Nyumbani, mdogo wake alimketisha kitini, akasimama ubavuni pake na kuinua vidole.

"Dada, usigeuke. Vingapi hivi?"

"Vitatu. Na kucha umezitafuna tena."

Wakacheka wote wawili. Kisha Bi Taratibu akaingia jikoni, akasimama, asijue alichofuata. Kwa wiki tatu kila alipoamka alifunika jicho moja na kulikagua pambo la ukutani, kisha akafunika la pili. Pambo lilikuwepo kila mara, na kila mara hakuamini.

Kati yetu ishirini na sita, tisa hawakufaulu. Tulimwomba Meneja wapelekwe hospitali, kwenye mashine kubwa ya bakuli, ile unayoegemeza kidevu, naye akakubali, tunamshukuru. Daktari wa macho aliwaeleza kwanza jambo ambalo kule stoo hawakuelezwa: kwamba vimwanga vingi huwa hafifu makusudi, hata mwenye macho mazima havioni vyote, na kwamba kubonyeza kwa kudhani kunaruhusiwa. Akawafanyisha zoezi, akawapima mara mbili. Wanane, Bi Taratibu akiwemo, wana macho mazima. Wa tisa kweli ana presha ya macho, hakuwa na habari, na sasa anatumia dawa ya matone. Kwa huyo mmoja tunaishukuru kofia. Hatukuja hapa kuitukana.

KINACHOTUNYIMA USINGIZI

Tisa waliposhushwa, kantini ilikuwa na ushauri mmoja tu: "Ukiona, bonyeza. Usipoona, bonyeza." Mwenzetu tunayemwita Shemeji, wa kreni namba tatu, aliufuata. Alibonyeza kama anayepiga honi kwenye foleni. AMEFAULU, akapewa na cheti cha mwaka mmoja.

Kofia yenyewe haikudanganyika. Chini ya karatasi yake imeandikwa kwamba, mara kumi ilipomtega bila kuwasha mwanga wowote, alibonyeza mara saba. Chini ya karatasi ya Bi Taratibu imeandikwa kwamba jicho lake liliiacha nukta mara kumi na nne kati ya ishirini. Vipimo vyote viwili havikufaa kumhukumu mtu. Lakini fomu inayokwenda ofisini ina nafasi ya neno moja tu, na ile mistari ya chini haikunakiliwa.

Wiki sita Shemeji aliendelea kupanda. Jumanne iliyopita mpiga ishara alisimama chini, upande wa kushoto, mikono juu: simama. Kontena likaendelea kushuka. Mpiga ishara aliruka, helmeti yake ikabaki. Tumeileta, ipo mezani. Sasa ni bapa kama sahani.

"Hapakuwa na mtu!" Shemeji alipaza sauti kutoka juu.

"Nilikuwepo mimi, Shemeji! Uliniangalia!"

Akazima kreni, akateremka ngazi akizipapasa kwa mguu. Hospitali, bakuli lilionyesha kwamba chini kushoto, kwa macho yote mawili, haoni kitu. Daktari bado anatafuta chanzo.

MAOMBI YETU

Hatuombi kofia iondolewe. Tunaomba isiachiwe kusema peke yake. Mtu aelezwe na afanye zoezi kabla ya kupimwa, katika chumba kilichotulia. Ile mistari ya chini inakiliwe kwenye fomu, na ikionyesha kipimo hakiaminiki, kirudiwe, awe amefaulu au hakufaulu. Na asiyefaulu apelekwe kwenye bakuli kabla ya kuitwa kipofu. Wanane wenye macho mazima bado wako chini, kwa kuwa waraka wako, kama ulivyo sasa, hauna kifungu cha kuwarudisha. Bi Taratibu anafagia yadi.

Mgeni rasmi, tulijadiliana nani asome risala hii. Wengi tulimtaka Bi Taratibu. Yeye akasema, "Asome Shemeji." Ndiye huyu aliyesimama mbele yako. Kidole chake kiko ukingoni mwa karatasi, upande wa kushoto, kwa sababu bila hicho haoni mstari unapoanzia. Cheti chake cha kofia bado kina miezi kumi, na kwa mujibu wa rasimu ya waraka anaruhusiwa kupanda kreni leo. Atakukabidhi cheti hicho pamoja na risala hii.

Mungu akurudishe nyumbani salama, na auongoze mkono utakaoshika kalamu Jumatatu.

Ni sisi,
Umoja wa Waendesha Kreni na Wapiga Ishara wa Yadi