Barua ya Ijumaa Iliyopigwa Pasi: Kumuaga Bi. Sukanti Behuria wa Masijala

Baada ya miaka thelathini na mitano kamili ya utumishi, Bi. Sukanti Behuria, Mkuu wa Masijala katika tawi letu la kupokea nyaraka za hataza, yaani haki ya mvumbuzi kuzuia wengine wasitengeneze kitu chake, hapa Cuttack, anastaafu Jumapili hii, tarehe 30 Juni 2024. Kamati ya sherehe imenipa ukurasa mmoja na kuniomba nichangamke. Nitajitahidi, ingawa si rahisi, na sababu mtaiona.

Alianza Julai 1989 akiwa karani mpiga chapa. Kimbunga cha mwaka 1999 kilipong'oa paa, yeye na mlinzi walipandisha majalada yote juu ya meza na kuyafunika kwa sari zake mbili. Halikupotea hata moja. Kila Jumamosi alituletea dahibara, zile bhajia za dengu zilizolowekwa kwenye mtindi, na ole wake aliyechelewa. Mawakili walimwogopa kuliko jaji. Ukileta ombi bila sahihi, anakurudishia mbele ya watu: "Wakili mzima, kusaini ndiko kumekushinda?"

Sasa nifike ninapopaogopa.

Wimbi la pili la ugonjwa wa korona lilipotufikia mwaka 2021, ofisini tulibaki watatu: yeye, mimi Lingaraj Sutar msaidizi wake, na mlinzi wa getini. Ving'ora vya magari ya wagonjwa havikukoma. Simu ikilia tulitazamana kwanza, maana siku zile hakuna aliyepiga kuleta habari njema. Kule Geneva wakubwa wa mataifa walikuwa wanabishana kama haki za hataza zisimamishwe mpaka ugonjwa upite. Huku kwetu mawakili walizungumzia leseni ya lazima, yaani serikali kuruhusu viwanda vingine vitengeneze dawa hata mwenye hataza akikataa. Maneno yalikuwa tele, dawa hakuna.

Mezani kwa Msajili, afisa wa makao makuu anayeamua maombi, kulikuwa na ombi la kampuni moja lililotaka hataza ya dawa ya mapafu. Likikubaliwa, viwanda viwili vya nchini vilivyokuwa vikiitengeneza vingelazimika kuacha. Cheti kilipangwa kutolewa Jumatatu, tarehe 3 Mei. Sheria yetu ina mlango mmoja mzuri: kabla cheti hakijatoka, mtu yeyote anaweza kuandika pingamizi, tena bure. Cheti kikishatoka, mlango huo umefungwa.

Utaratibu wa tawi wakati ule ulikuwa huu: barua ikifika inakaa kikapuni siku tatu ili virusi vife, ndipo inafunguliwa na kupigwa muhuri wa tarehe. Mimi sikutosheka na kikapu. Nilikuwa mwoga, sifichi. Nilileta pasi ya nyumbani, nikawa nazipiga pasi bahasha zote. Dada Sukanti alinicheka sana: "Linga, bahasha za watu unazinyoosha, shati lako mwenyewe limekunjamana hivyo!"

Ijumaa ya tarehe 30 Aprili, saa tano asubuhi, iliingia barua ya Mwalimu Ghanashyam Dehury, mstaafu wa biolojia kutoka Keonjhar. Nikaipiga pasi kama nyingine. Kibandiko cha posta chenye tarehe na namba kilikuwa cha ile karatasi inayochapwa kwa joto. Pasi ilipopita, kikawa cheusi tii. Nilikiona, nikaitupia bahasha kikapuni hivyohivyo.

Tuliifungua Jumatatu alasiri, nikaigonga muhuri wa siku na saa hiyo. Ndani mlikuwa na kurasa nne za mwandiko wa mkono. Mwalimu alikuwa amefukua jarida la miaka ishirini nyuma na kuonyesha kwamba dawa ile si mpya: kiini ni kilekile, kampuni imebadilisha tu chumvi ya kikemikali iliyoungwa nacho. Dada alisoma akiwa amesimama, kisha akakaa.

"Linga, cheti kimeshatoka?"

"Kimetoka asubuhi, Dada."

"Na hii ilifika lini?"

"Ijumaa."

"Ee Mungu wangu Jagannath! Tumefanya nini sisi?"

Wakili wa kampuni alifurahi. Muhuri unasema Jumatatu alasiri, kwa hiyo pingamizi limechelewa, basi. Posta walisema bila namba hawawezi kutafuta kitu. Risiti alikuwa nayo Mwalimu mwenyewe, naye alikuwa wodini kwenye oksijeni na simu yake haipokelewi. Siku nne zikapita hivyo.

Nilimsihi Dada, na naona haya kuyaandika haya: "Tuache tu, Dada. Hakuna atakayeuliza. Umebakiza miaka mitatu ustaafu."

Akavuta kalamu na karatasi. "Na hao wanaokosa pumzi wamebakiza mingapi?"

Aliandika maelezo yake siku hiyohiyo: barua ilifika Ijumaa saa tano, tawi likaikalisha kikapuni siku tatu, kibandiko kikaungua mikononi mwetu. Msajili alimuuliza kwa simu nani hasa aliyekiunguza. Akajibu: "Kimeungulia masijala, na masijala ni yangu." Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilikuwa nasubiri kuthibitishwa kazini. Niliangalia viatu vyangu.

Msajili alimwamini, kwani nani hujichongea bure? Cheti kilisimamishwa. Shauri likasikilizwa kwa video, Mwalimu Dehury akiwa na mrija puani, anakohoa, anaendelea, kwa dakika arobaini. Hataza ikakataliwa na viwanda vile viwili vikaendelea kutengeneza dawa. Kanuni ya tawi letu inayosema barua huhesabiwa tangu inapofika getini aliiandika Dada Sukanti, wiki ileile.

Shukrani aliyopata ni onyo la maandishi: "uzembe uliosababisha kuharibika kwa ushahidi." Mwaka uliofuata cheo cha Mkuu wa Tawi kilimpita, na kila mtu alijua kwa nini. Mara ngapi nilitaka kusema! Kila nikianza alinikata: "Kunywa chai yako, mdogo wangu, inapoa." Nami nikanywa chai, miaka mitatu.

Wiki iliyopita nilifungua jalada lake ili nipate tarehe sahihi za wasifu huu. Onyo bado limo, ukurasa wa juu kabisa. Mtu anayeagwa leo kwa mashada ya maua ataondoka na neno hilo juu ya jina lake, nami nilikuwa karibu kuwaandikia mambo ya dahibara tu.

Dada Sukanti, asante kwa miaka yote thelathini na mitano, kwa niaba ya wote waliopitia dirisha lako. Najua utanifokea hapahapa mbele ya wageni, tena kwa haki. Nifokee. Utakaposoma ukurasa huu, Mkurugenzi atakuwa ameshapokea barua yangu ya kuomba onyo lile liondolewe kwako na kuandikwa kwenye jalada langu. Litakalonipata na linipate.

Sote tunakuombea afya, raha na siku ndefu nyumbani kwako. Ondoka na jina lako safi, Dada. Pasi niliishika mimi.