Tjitske Boonstra Atundika Upondo

Baada ya miaka ishirini na mmoja ya kuruka kwa upondo akiwa na jezi ya klabu yetu ya hapa Sneek, Tjitske Boonstra anastaafu rasmi Jumamosi hii, tarehe 28 Septemba. Mara nne amekuwa bingwa wa Uholanzi, na mara nne kaleta keki mwenyewe, maana kwetu mwenye furaha ndiye anayelisha wenzake. Ile ya tufaha iliungua chini. Tuliimaliza hivyo hivyo.

Alianza kama watoto wengi wa huku, kwa kuruka mfereji nyuma ya zizi la baba yake, akirudi nyumbani na kiatu kimoja, kingine kimebaki topeni. Kocha Douwe alipomwona akamwambia baba mtu, "Huyu nipe mimi, kabla hajakumalizia viatu."

Alipoolewa alihamia mjini, kwenye nyumba yenye ngazi nyembamba, na pondo zake hazikupita. Basi kila shindano zikawa zinashushwa kwa dirisha la juu, kama tunavyoshusha makochi siku ya kuhama. Jirani yake, Mama Hettinga, hakuchoka kumchokoza: "Tjitske, unahama tena? Na mume unamwacha?"

"Mume hapiti dirishani, mama. Nakuachia wewe!"

Sasa, katika upondo mrukaji huchagua mwenyewe aanzie urefu gani. Ukiangusha mwamba, ile fito ya kuvukwa, mara tatu hapo, unarudi nyumbani bila kitu. Mabingwa huanzia juu. Tjitske aliporudi uwanjani baada ya kumzaa Jildou, aliendelea kuanzia kulekule kwa zamani, na misimu miwili mfululizo, kwenye mashindano ya taifa, jina lake likabaki na mstari mtupu mbele yake. Lilimuuma, tena sana, kwa sababu Jildou alikuwa hajawahi kumwona mama yake akivuka mwamba siku ya mashindano. "Mama yangu kazi yake kuangusha," mtoto aliwaambia wenzake shuleni, bila ubaya wowote.

Juni hii ilikuwa nafasi ya mwisho. Goti lilishasema basi. Douwe akamwambia, "Anzia chini, pamoja na wasichana." Tjitske akanuna njia nzima. Lakini ulipotangazwa urefu wa kwanza kabisa, tukamwona anavua suruali ya mazoezi na kwenda kusimama katikati ya wasichana wa sekondari.

"Shangazi, umepotea?" mmoja akamtania. "Wakubwa bado wanakunywa kahawa."

"Nimekuja kuwapashia godoro," akajibu.

Akavuka. Akavuka tena, na tena, sisi tukimpigia makofi ya kumsindikiza mbio, na wale wasichana wakapiga kelele kutushinda. Mwisho mwamba ukaanguka mara tatu, kama unavyomwangukia kila mrukaji, hata mshindi. Alikuwa wa sita. Douwe akasema, "Ingeweza kuwa mbaya zaidi," na kwa sisi Wafrisia, wenyeji wa huku Sneek, hiyo ni sifa kubwa kuliko medali.

Jildou akapenya chini ya uzio, akapanda godoroni kwa magoti. "Mama, umeruka! Halafu umeangusha."

"Ndivyo inavyokwenda, kipenzi. Unaruka mpaka unaangusha."

"Haya, zamu yangu."

Waamuzi walikuwa wanakusanya vitu vyao. Mmoja akaushika mwamba kwa mikono yake, chini kabisa, na Jildou akauvuka huku kaning'inia mkononi kwa mama yake. Uwanja ule haujapata kushangilia vile.

Dada Tjitske, asante kwa yote, na asante zaidi kwa siku ile uliyokubali kuanzia chini mbele ya watu wote. Goti lako lipumzike, nyumba yako ijae vicheko, na siku zote zilizo mbele yako ziwe njema. Na huyo binti akianza kuruka kwa kweli, tutakuwa pale pembeni, mikono tayari kwa makofi.