Jotham Wamalwa, Aliyesoma Kina cha Mto Kamukuywa

"Maiti haishushwi njiani, shemeji. Ukiishusha itadhani imefika."

"Na mimi nakwambia Khisa, huyo si maiti. Huyo ni Jotham, na Jotham anajua kwake ni wapi."

"Mila ni mila, bana."

"Mila hiyo umeiokota wapi leo? Ulipokuwa ukimwibia ndugu yako chambo, mila ilikuwa imesafiri?"

Hivyo ndivyo mimi na Khisa, ndugu mdogo wa marehemu, tulivyoachana leo Alhamisi asubuhi, yeye akiwa mguu mmoja ndani ya gari la kwenda Bungoma kuchukua mwili, mimi nikiwa nimeng'ang'ania mlango wa hilo gari. Nilimwomba jambo moja tu. Wakirudi, wasimame kwenye daraja la Kamukuywa, wamteremshe mzee mpaka pale alipokuwa akikaa na ufito wake wa kuvulia, wamfikishe majini kidogo, kisha wamlete nyumbani. Khisa akakataa. Akavuta mlango, wakaenda. Hata sasa ninavyosema sijui kama mume wangu ataonyeshwa mto, au atapitishwa juu ya daraja mbio mbio kama gunia la mahindi linalowahi soko la Kitale.

Emmy, mjukuu wetu, ananiandikia, maana mimi shule niliiona kwa nje, nikipita na kuni kichwani. Alikuwa ameniletea wasifu wa nusu ukurasa: alizaliwa, alisoma, aliokoka, alifariki. Nikamwambia hata jogoo wangu ana habari ndefu kuliko hiyo. Andika, nikasema, na usikate kitu. Kesho utasimama usome yote.

Marehemu Mzee Jotham Wamalwa alizaliwa tarehe 14 Machi 1949, kijijini juu ya Kimilili. Kitambulisho kinasema tarehe moja Januari, lakini hiyo ni tarehe ya karani, si ya mama mkwe wangu. Siku hiyo busaa, pombe yetu ya nafaka, ilikuwa imeiva nyumbani, ndiyo maana akaitwa Wamalwa, mtoto wa pombe. Pasta asikunje uso, mtoto hakuionja.

Alisoma hapo hapo Kimilili mpaka darasa la saba, akamaliza mwaka 1966. Alikuwa mwepesi wa hesabu na mzito wa kufika. Asubuhi moja alichapwa kwa kuchelewa, na mwalimu alipouliza sababu, akasema alikuwa amekuta samaki kwenye kidimbwi kinachokauka, akamhamisha mtoni. Kwa chombo gani? Kwa kibuyu cha uji. Uji je? Aliumwaga. Alishinda na njaa siku nzima kwa ajili ya samaki mwenye urefu wa kidole. Hiyo sikuongeza kitu. Khisa alikuwepo, na uji uliomwagwa nusu ulikuwa wake.

Tarehe 1 Februari 1974 aliandikwa kazi ya serikali, kusoma kina cha mto Kamukuywa. Msione ni kazi ndogo. Kuna ubao wenye namba uliosimamishwa majini karibu na daraja. Saa tatu asubuhi na saa kumi na moja jioni aliutazama, akaandika kwenye kitabu maji yamefika wapi. Miaka thelathini, mvua na jua, kwa baiskeli kutoka hapa kwetu Kiminini, mpaka alipostaafu tarehe 30 Juni 2004. Na kati ya namba ya asubuhi na namba ya jioni kulikuwa na mchana mzima. Mchana huo ndipo mto uliponinyang'anya mume.

Alivua kwa boya. Wengine walitega nyavu, na wengine, Mungu awasamehe, walimwaga dawa majini. Yeye alikuwa na ufito wa mwanzi, mshipi, ndoana moja, na boya likielea. Alilitazama kama mtu anayengoja barua. Likitingishika, bado. Likizama lote, ndipo anainua mkono, polepole, kama anayemfunua mtoto aliyelala. Ndoana alinunua Kitale, na kabla ya kuitumia aliisugua kwa tupa mpaka lile jino linalokwamisha liishe, ili imtoke samaki bila kumchana. Watu wakacheka: ati Jotham anavua kama mtu aliyeshiba! Yeye akaendelea kusugua.

Hakumgusa samaki kabla ya kulowesha mikono. Alisema mkono mkavu unamtoa samaki utelezi wake, na ule utelezi ndio nguo yake; kumrudisha majini bila huo ni kama kumfukuza mgeni uchi kwenye mvua. Hakuwaburuta kwenye nyasi. Wa kuliwa alimpiga mara moja kichwani, akaisha, hakumwacha atapetape ndani ya gunia. Wadogo aliwarudisha, na majike wenye mayai pia, wakati ule wa mvua ndefu ambapo ningu, samaki wa mto wetu, hupanda mto kwenda kutaga. Kila mmoja alimshika ndani ya maji, kichwa kikitazama maji yanakotoka, akangoja mpaka mkia upige wenyewe. Hapo ndipo alifungua vidole.

Mwaka 1986 alimvua kambare ambaye sitasema ukubwa wake, mtaniita mwongo. Nitasema tu kwamba alipomtoa, maji kwenye ule ubao yalishuka namba mbili. Jotham, mtu wa kweli, akaandika kitabuni: yameshuka. Kumbe kambare ni jike, tumbo limejaa. Akamrudisha, maji yakapanda namba mbili. Akaandika: yamepanda. Ofisini wakashtuka, wakatuma injinia aje aone ni mto gani huo unaopumua.

"Kukhu," Emmy ameniambia mimi bibi yake, "hii nitaisoma mbele ya pasta."

"Ndiyo vizuri. Ajue hatumziki mtu wa hivi hivi."

"Lakini si ni uongo?"

"Injinia alikuja. Muulize mama yako, ndiye alimpikia chai."

Emmy ameandika.

Marehemu alifunga ndoa nami, Chepkemei, Jumamosi tarehe 16 Desemba 1972, kwetu Cheptais. Haikuwa rahisi. Kwetu mlimani samaki hakuliwa. Tuliambiwa ni nyoka aliyeoga sana. Jotham alipokuja mara ya kwanza kujitambulisha alileta ningu wawili waliokaushwa, zawadi ya heshima. Mama yangu alimtoa nje na heshima yake, ufagio ukimfuata nyuma. Wiki ya pili akarudi mikono mitupu. Akamwomba mama msamaha, halafu akasema, "Na ningu pia wanaomba msamaha." Mama alicheka, na mlimani mama akicheka mambo yameisha.

Tulijaliwa watoto wanne, na mimi sikuwahi kujaliwa slipa mbili. Maboya yake aliyakata kwenye slipa zangu, na zangu tu, ati zake zilikuwa nzito. Krismasi ya mwaka 1979 aliniletea mpya kutoka Kitale, nyekundu. Kufika Pasaka, ya kushoto ilikuwa kama jani la sukuma lililoliwa na viwavi. Ukitaka kuiona slipa yangu, nenda mtoni, utaikuta katikati ya maji, inacheza. Niligomba miaka na miaka. Sasa kuna slipa mbili nzima chini ya kitanda, na sitaki kuzivaa.

Alinibembeleza sana niende naye. Nilikuwa na mahindi, nilikuwa na ng'ombe, nilikuwa na maneno mengi, na yeye alisema samaki hawapendi maneno. Nilienda mara moja tu, Agosti 1991, palizi ikiwa imeisha. Boya likazama upande wangu. Jotham akanilowesha mikono kwa mikono yake, akaniwekea ningu, bado ndani ya maji.

"Usimkamue, mama Nanyama. Mshike kama unamsikiliza."

Nikamsikiliza. Kitu kidogo kile, moyo wake ukigonga kidoleni kwangu kama mtu aliye mlangoni. Kisha akaenda. Tukakaa mpaka saa ya kusoma ubao bila kusema neno. Mimi, bila neno! Hadithi nimetoa nyingi, wengi wenu mmezila pamoja na viazi vyangu, lakini hiyo sikumwambia mtu, kwa sababu haikuhitaji kuongezwa chumvi. Siku hiyo nilisema nitarudi tena. Ni miaka thelathini na minne.

Ugonjwa wa moyo ulimwanza mwaka 2023. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi, baiskeli ikatundikwa ukutani. Hata hivyo kila siku saa tatu alitoka nje, akatazama upande wa Kamukuywa, akarudi na kusema, "Leo maji yamepanda kidogo." Alisoma kutoka wapi, sijui. Sikumbishia. Nilimpa chai.

Jumanne tarehe 29 Julai mwaka huu, mchana, aliniambia, "Mama Nanyama, nipeleke mtoni."

"Kuvua, na hali hiyo?"

"Si kuvua. Nataka kulowesha miguu tu."

Mvua ilikuwa imenyesha. Mteremko ulikuwa na utelezi. Daktari alikuwa amekataza baridi. Sababu zote hizo zilikuwa nzuri, na nilizitumia zote. Nikamwambia, wiki ijayo. Jotham hakubishana. Alisema, "Sawa," akaomba nimgeuzie kiti kitazame upande ule.

Wiki ijayo haikufika. Jumapili tarehe 3 Agosti alilazwa Bungoma. Alifariki Jumanne tarehe 19 Agosti 2025, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sabini na sita, binti yetu Nanyama akiwa kando ya kitanda. Mimi nilikuwa hapa nyumbani, nikimtafutia soksi za joto.

Khisa haijui hiyo habari ya wiki ijayo. Leo asubuhi nilimpigia kelele ya mila, nikamtukana na chambo, lakini hilo sikumwambia. Pengine ningelisema, gari lingesimama pale darajani. Sasa nalisema mbele yenu nyote. Mume wangu wa miaka hamsini na miwili aliniomba maji ya mto ya kulowesha miguu, nami nikampa tarehe. Ndiyo maana nilishika mlango wa gari. Sikuwa na wazimu, kama vijana walivyonong'onezana. Nilitaka tu huyo mtu afikishwe.

Tangu alipoondoka, saa tatu ikigonga natoka nje na kikombe. Natazama upande wa Kamukuywa. Sioni kitu. Sijui kama maji yamepanda au yameshuka, na hakuna wa kumuuliza.

Wenzetu humalizia kwa kumwombea marehemu usingizi mwema. Huyu wetu kulala mchana hakujua. Mwombeeni akae, akae tu, penye kivuli na maji yanayotembea, na pasiwepo mtu wa kumwambia wiki ijayo.

Ameacha mjane, ambaye ni mimi. Ameacha watoto wanne: Nanyama, Simiyu, Lorna na Barasa. Ameacha wajukuu kumi na mmoja, wa kwanza akiwa Emmy, na vitukuu wawili. Ameacha pia ndugu yake mmoja, Khisa, mtu mkaidi, kichwa kama jiwe la kusagia, ambaye hata ukimpigia magoti hawezi —

Emmy, hilo si ni gari? Mbona wamechelewa hivyo, na walisema saa nane? Fungua mlango. Fungua yote miwili.

Khisa ameingia mbele ya wenzake. Suruali imelowa mpaka mapajani, viatu vya kanisani amevishika mkononi, tope linachuruzika kwenye sakafu niliyoosha asubuhi. Nyuma yake wanaume sita na jeneza mabegani, wote miguu mitupu.

"Hatukumshusha, shemeji," amesema. "Tuliingia naye majini, tukamshikilia tu, mpaka mikono ikachoka."