Arvil Stamper na Kigumba Kisicho na Alama

Marehemu Arvil Stamper alizaliwa tarehe 11 Machi 1946 katika Kaunti ya Leslie, jimbo la Kentucky, mtoto wa kwanza wa mzee Elzie Stamper, mchimba makaa ya mawe, na mama Oma. Alifuatiwa na ndugu mmoja tu, Hobert, ambaye ndiye anayewasomea hapa kwa kuombwa na Darla, binti wa marehemu.

Alianza shule kule milimani. Mwaka 1956 mzee Elzie alihamishia familia Michigan, kwenye viwanda, na huku watoto wenzake wakamcheka kwa lafudhi yake. Wakati wa mapumziko alikuwa akijiendea peke yake mashambani, akiokota vigumba vya kale, zile ncha za mawe za mishale ambazo jembe la trekta huzifukua. Akataka kujua zilivyochongwa. Alimaliza sekondari mwaka 1964 akiwa na matokeo ya wastani na mifuko iliyotoboka kwa mawe.

Alitumikia jeshi miaka miwili nchini Ujerumani, kisha akaajiriwa katika kiwanda cha spring za magari, alikofanya kazi hadi alipostaafu mwaka 2001. Hakuwahi kuchelewa kazini, ila siku moja ya theluji ya mwaka 1978, na hiyo aliijutia.

Alimwoa Ardith Combs tarehe 20 Juni 1970. Siku alipokwenda kula kwao mara ya kwanza, vidole vyake vilikuwa vimefungwa bandeji hata kijiko cha maharage kikawa kinamponyoka. Ardith akamuuliza, "Umepigana na nani?"

"Na jiwe."

"Nani kashinda?"

"Bado tunapigana."

Wengi wenu mlimfahamu kwenye onyesho letu la pinde za asili, linalofanyika kila mwisho wa Januari katika ukumbi wa viwanja vya maonyesho. Tangu mwaka 1984 yeye na Hobert walikuwa na meza moja, kitambaa cheusi juu yake na vigumba vya jiwe la gumegume vimepangwa kwa ukubwa. Mnaijua desturi yetu: kabla kigumba hakijauzwa, mchongaji anakwaruza herufi za jina lake na mwaka kwenye kitako kwa kalamu yenye ncha ya almasi, ili asitokee mjanja wa kukiuza kama kitu cha kale. Kigumba kisicho na alama kwetu ni fedheha.

Januari 1997 kilitoka kimoja mezani pao bila alama. Baada ya miaka miwili kilionekana kwenye kabati la kioo la tajiri mmoja, na karatasi inayosema kina umri wa miaka elfu tatu. Umbo lake lilikuwa lile ambalo Arvil alisifika kwalo, basi watu wakamnyooshea yeye kidole. Onyesho lililofuata Hobert alijiwekea meza yake mwenyewe upande wa pili wa ukumbi, asije akachafuka naye.

Kuanzia hapo kaka yangu alikaa peke yake. Watu walifika karibu na meza yake wakageukia pinde za jirani kana kwamba wameitwa. Ardith alikuwa akimletea kahawa, na alipofariki mwaka 2009 akawa hana hata wa kumwachia meza. Akitaka kwenda msalani alivifunika vigumba vyake kwa kitambaa, akaenda, akarudi, akavifunua. Nilikuwa hatua arobaini tu kutoka pale, na nilimwona akifanya hivyo miaka kumi na minne.

Ugonjwa wake ulikuwa wa mapafu, vumbi la mawe aliyoyachonga gerejini na milango imefungwa. Januari mwaka huu, 2023, alikuja ukumbini na mtungi wake wa oksijeni akasimama mezani kwangu. Alichukua kigumba kimoja, akakigeuzageuza kwenye mwanga.

"Bado unachonga kwa mkono wa kushoto, dogo."

"Sasa wa kulia nitautoa wapi, kaka?"

"Makovu ya mapigo yako yote yanalalia upande mwingine. Anayejua kuangalia hawezi kukosea."

Nikamuuliza, "Ulijua?"

"Tangu siku nilipokiona kwenye kabati la kioo."

"Mbona hukusema?"

"Wewe ulikuwa umeachishwa kazi, watoto wako watatu wanakula kwa mauzo ya meza. Mimi nilikuwa na kazi kiwandani." Akakirudisha kigumba mahali pake. "Ila sasa waambie, Hobert. Nimechoka."

"Nitawaambia."

"Lini?"

"Mwakani, kaka. Wakiwepo wote."

Akatikisa kichwa, akaukokota mtungi wake hadi kwenye meza yake. Alifariki tarehe 2 Oktoba, saa tatu asubuhi, nyumbani, Darla akiwa jikoni anampikia uji wa shayiri.

Basi naomba niwaambie leo. Kigumba kile nilikichonga mimi, kwa kuiga umbo la kaka yangu. Ilikuwa Jumamosi, ukumbi umefurika, mteja akakishika nami nikasahau kukitia alama. Kusahau kulikuwa bahati mbaya. Kunyamaza miaka ishirini na minne nilikuchagua mwenyewe. Arvil hakumdanganya mtu. Ninyi mliokuwa mkiipita meza yake siwalaumu, maana niliyejua ukweli ni mimi, nikawaacha mpite.

Marehemu ameacha binti, Darla, na mkwe, Wendell. Wajukuu wawili, Brenna na Colby. Na mdogo wake mmoja, aliyechelewa.

Apumzike kwa amani, na jina lake sasa lipumzike pamoja naye.