Gaudensia Masatu Mugeta, Fundi wa Madirisha ya Kompyuta

Ndugu waombolezaji, mimi ni Bernado, kaka wa marehemu, na kamati ya mazishi imenipa dakika tano, muda ambao mdogo wangu angesema hautoshi hata kuwasha kompyuta.

Gaudensia alizaliwa hapa Manyamanyama, Bunda, tarehe 14 Machi 1986, mtoto wa tatu wa mzee Masatu na mama Boke, akasoma msingi na sekondari hapahapa hadi 2004, akapata stashahada ya kompyuta Mwanza mwaka 2008, na mwaka uliofuata akaajiriwa Musoma, kutengeneza programu za kusajili wagonjwa.

Mwaka 2012 zahanati moja ya Butiama ilimwandikia barua yenye kumbukumbu namba na mihuri miwili, kwamba kitufe cha “Hifadhi” hakikupokelewa pamoja na programu, hivyo kiwasilishwe kabla ya mwisho wa mwezi, nasi tulicheka, ila yeye alikwenda, akamkuta karani Silasi ameandika wagonjwa arobaini na mmoja na wote wamepotea, kwa sababu dirisha la programu lilipimwa kwa skrini kubwa ya Musoma, na kitufe kilibaki chini, nje ya skrini yake ndogo. Alimwomba radhi, wakaandika wote upya, na tangu siku hiyo kila programu yake iliuliza kwanza upana na urefu wa skrini, ndipo ifungue dirisha linaloenea humo.

Tarehe 8 Juni 2013 alifunga ndoa na Evance Kwangu, wakaishi Kitaji, Musoma, wakajaliwa Hilda, 2014, na Mihayo, 2018.

Januari 2024 alianza kujigonga bega kwenye miimo ya milango, madaktari wakakuta uvimbe kichwani unaokandamiza mishipa ya macho, akawa anaona katikati tu, naye akayapunguza madirisha yake yaenee kwenye macho yaliyobaki, akafanya kazi hadi Novemba. Watoto aliwaambia, “Mkija muwe mnakaaga hapa katikati, pembeni siwapati,” na nafasi ikazidi kupungua, hadi wakawa wanakaa mashavu yamegusana ili waenee wote wawili, na asubuhi ya tarehe 3 Februari 2025 alimwambia Mihayo asogee katikati, na Mihayo alikuwa katikati. Alituacha tarehe 6.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Kitaji, wafanyakazi wenzake, na ndugu Silasi, aliyefika leo kutoka Butiama na barua ya rambirambi, mihuri miwili.

Gaudensia, watoto wako mbele yako, mashavu yamegusana, hakuna aliyebaki pembeni. Pumzika, mdogo wangu, ulale kwa amani.